Kiwi ipi unayoisema? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tunda, ndege, dawa ya viatu na kiwi cha macho

Ukimtuma mtoto "kalete kiwi", atakachorudi nacho kinategemea ametumwa na nani. Baba aliyevaa soksi akisubiri viatu ana kiwi yake. Dada aliye jikoni na bakuli la saladi ya matunda naye ana yake. Bibi akilalamika kwamba ameingiwa na kiwi, usikimbilie dukani wala sokoni, mtafutie kivuli akae. Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka, mengi kutoka kwa wanafunzi, mengine kutoka kwa madereva na mama mmoja muuza juisi.

Neno hili lina maana ngapi?

Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, tano au sita hivi: ukosefu wa nuru ya macho kwa muda kwa sababu ya mwanga mkali, dawa ya kung'arishia viatu, tunda la kijani lenye manyoya kwenye ganda, ndege asiyeruka wa Nyuzilandi, mtu wa Nyuzilandi, na dola ya nchi hiyo.

Watu wanadhani hapo pana kizungumkuti. Kwangu mimi Kiswahili kimekwisha kulitatua, kwa sababu kina upatanisho. Sikiliza: "kiwi kimenishika" ni macho. "Kiwi amejificha" ni ndege, au mtu wa Nyuzilandi mwenye madeni. "Kiwi imeiva" ni tunda. Penye utata wa kweli ni "kiwi imekauka", maana tunda hukauka na dawa ya viatu hukauka, na zote mbili tunazisema kwa i- na zi-. Hapo itabidi uangalie mtu ameshika nini mkononi.

Kwani kiwi si neno la kigeni?

Tunda, ndege, dawa na dola, ndiyo, jina lao limetoka mbali. Lakini kiwi cha macho ni Kiswahili chetu, cha ngeli ya ki- na vi-, na kimo kwenye kamusi zetu tangu zamani, kabla tunda halijaitwa kiwi na yeyote. Tunasema jua limenitia kiwi, macho yamefanya kiwi, nimepatwa na kiwi. Ni ile hali unapotoka ndani ya nyumba yenye giza saa saba mchana, uwanja wa mchanga mweupe unawaka, unasimama mlangoni umeweka kiganja juu ya nyusi na hujui aliyekupigia hodi ni nani.

Neno linabeba pia maana ya mbali zaidi. Mtu akitiwa kiwi na mali, maana yake mng'aro wa fedha umemzuia asione kilicho mbele yake. Uzuri nao hutia kiwi. Washairi wanalipenda kwa sababu hiyo, na mimi nasikitika kwamba vijana wengi wa mjini leo wakilisikia wanafikiria saladi.

Kiwi cha macho hutokea vipi, na nifanye nini gari likiniwashia fulu usiku?

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna chembe zinazotusaidia kuona gizani. Chembe hizo zina rangi maalumu inayopokea mwanga hafifu. Mwanga mkali ukiingia ghafla, rangi ile huungua kwa mpigo, na inahitaji muda kujijenga upya. Ndiyo maana ukizima taa ya chumbani unaona weusi mtupu, kisha kidogo kidogo kabati linajitokeza, kisha kiti. Jicho kuzoea giza sawasawa huchukua hata nusu saa.

Barabarani huna nusu saa. Lori likija na fulu, sekunde chache unaendesha kwa kukisia. Usizitazame zile taa, ingawa jicho linavutwa kwake kama nondo. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, tunakoendesha kushoto, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara na uufuate. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, fuata ukingo wa kulia. Punguza mwendo mapema, usisubiri mpaka umefumbwa. Na safisha kioo cha mbele, ndani na nje: kioo chenye vumbi na mafuta ya vidole husambaza mwanga, kiwi kinakuwa mara mbili. Kuwasha fulu yako ili kumkomoa mwenzako ni kuhakikisha kwamba madereva wawili hawaoni badala ya mmoja.

Mbona mimi napata kiwi kila mara, hata kwa taa ndogo?

Nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho, kwa mfano, huanza kwa watu wengi hivyo: taa za magari zinakuwa na duara la mng'aro, jua la mchana linaudhi kuliko zamani. Hilo linatibika kwa upasuaji. Usijiwekee matone uliyoazimwa na jirani.

Fundi wa kuchomelea akilia usiku kwamba ana mchanga machoni, hicho nacho ni kiwi?

Kinaanza kama kiwi lakini ni jambo jingine. Cheche ya kuchomelea hutoa miali isiyoonekana ambayo huunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho. Maumivu hayaji pale pale. Huja saa kadhaa baadaye, mtu amekwisha kula na kulala, ndipo anaamka macho yanachoma, machozi yanabubujika na taa hawezi kuitazama. Jambo la aina hiyo huwapata pia wapanda milima kwenye theluji, na ndiyo sababu waongozaji wa Kilimanjaro husisitiza miwani ya giza ukikaribia kileleni. Kwa kawaida jicho hupona lenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini daktari alione. Miwani ya jua ya mtaani haimkingi fundi. Anahitaji kile kioo cheusi chenyewe cha kazi. Na watoto wanaosimama mlangoni mwa karakana kutazama cheche wafukuzwe, hata wakinuna.

Methali "Kiwi cha yule ni chema" inahusu macho?

Hapana, na hapa wengi huteleza. Methali hii hupatikana kwenye makusanyo ikiwa na ncha yake, "hata ulimwengu uwishe", na hufasiriwa kwamba kilicho kibaya kwa mmoja ni chema kwa mwingine. Kiwi hiki ni kivumishi -wi, maana yake -baya, cha Kiswahili cha kaskazini, Lamu na Mombasa, na cha mashairi ya kale. Ndicho kilichomo katika "Mui huwa mwema", yaani mtu mbaya huweza kugeuka akawa mwema. Kikiambatana na kitu, -wi huwa kiwi: kitu kiwi, kitu kibaya. Siku hizi kwenye mazungumzo hulisikii, limebaki kwenye methali na tenzi.

Kiwiko na kiwiliwili yanahusiana na kiwi?

Yanafanana masikioni tu. Kiwiko ni pale mkono unapokunjia, kiwiliwili ni mwili bila kichwa na viungo vyake.

Dawa ya viatu iliitwaje kiwi?

Kwa ajili ya mke. Mwaka 1906, mjini Melbourne, Australia, William Ramsay na mwenzake Hamilton McKellan walianza kutengeneza dawa ya viatu. Mke wa Ramsay, Annie, alikuwa mzaliwa wa Oamaru, Nyuzilandi, na mumewe akaipa dawa jina la ndege wa kwao. Kwa hiyo ile picha ya ndege mwenye mdomo mrefu kwenye mfuniko, ambayo sisi tuliokua tukiitazama kila asubuhi tulidhani ni kuku wa ajabu aliyekosa mkia, ni salamu ya mtu kwa mkewe.

Kilichoifikisha mbali ni jeshi. Vita Kuu ya Kwanza iliwakuta askari wa Uingereza, Australia na Nyuzilandi wakiipaka kwenye buti, kisha askari na mikebe yao wakasambaa duniani. Askari, polisi, shule za bweni, makarani: wote hao walitakiwa wawe na viatu vinavyong'aa, na kote walikopita watu hao jina la kiwi lilibaki.

Ukitaka kujua imezama kiasi gani, mtazame mng'arisha viatu kituo cha basi. Anakung'uta vumbi kwa brashi kavu. Anafungua mkebe kwa kukizungusha kile kijichuma cha pembeni, mfuniko unanyanyuka kwa mlio mdogo, harufu inatoka. Anachota kidogo kwa kitambaa alichokifunga kwenye kidole cha shahada, anazungusha kwenye ngozi mpaka ngozi inafifia kama imepakwa moshi. Anaacha ikae. Kisha brashi ya pili, ya manyoya laini, mikono inakwenda haraka hadi kiatu kinaanza kuonyesha anga. Akikuuliza "nikupigie kiwi?", anauliza kazi yote hiyo. Viatu vyenyewe vikikamilika, vinatia kiwi. Hapo maneno mawili yasiyo ya ukoo mmoja yamekutana kwenye ncha ya kiatu.

Nikinunua dawa ya kampuni nyingine, bado ni kiwi?

Mtaani, ndiyo. Kama ambavyo watu husema "kolgeti" hata kwa dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa. Wengine husema dawa ya viatu, wengine rangi ya viatu, na hao ndio wanaoeleweka bila picha. Nilisoma na kijana tuliyemwita Kiwi kwa weusi wake. Yeye mwenyewe alicheka, au tulidhani anacheka.

Ndege kiwi anaishi wapi na yukoje?

Nyuzilandi tu, hakuna porini pengine duniani. Ni mkubwa kama kuku, mviringo, hana mkia, na mabawa yake ni vijiti vya sentimita chache vilivyofichwa ndani ya manyoya. Manyoya yenyewe hayafanani na ya ndege unaowajua. Yanakaa kama nywele za mnyama. Wanasayansi walipompa jina mwaka 1813 walimwita Apteryx, yaani asiye na bawa.

Kuna aina tano. Yuko yule wa kahawia wa Kisiwa cha Kaskazini, halafu kuna tokoeka, rowi, roroa, na mdogo kuliko wote, kiwi pukupuku. Majina hayo ni ya Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa Nyuzilandi. Hata "kiwi" ni la Kimaori, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba linaiga mlio wa dume usiku. Kwa Wamaori ndege huyu ni hazina ya urithi, na majoho yaliyosukwa kwa manyoya yake, kahu kiwi, huvaliwa na watu wenye heshima kubwa.

Kinachonishangaza zaidi ni pua. Ndege wengine matundu ya pua yako karibu na uso. Ya kiwi yako kwenye ncha kabisa ya mdomo. Usiku anatembea akiuchomeka mdomo ardhini, ananusa minyoo na mabuu chini ya majani, na mara kwa mara unamsikia akipiga chafya kutoa udongo.

Ni kweli yai lake ni kubwa kuliko yeye?

La, ila ukimwona jike siku za mwisho utaamini. Yai hufikia kama asilimia 20 ya uzito wa mama. Ni sawa na mwanamke wa kilo 60 kujifungua mtoto wa kilo 12. La kuku wa kienyeji mwenye kilo mbili ni kama asilimia 2 hadi 3. Akishataga, kwa aina nyingi, kazi ya kuatamia ni ya dume, naye hukaa siku 70 hadi 90. Kuku hukaa 21. Kifaranga hutoka na manyoya kamili na kiini cha yai tumboni, anaishi kwa akiba hiyo siku za kwanza, na wazazi hawamlishi.

Kwa nini tunaambiwa anaisha?

Wamebaki takriban 70,000. Visiwa vile havikuwa na mnyama wa nchi kavu wa kumwinda kiwi mpaka binadamu alipoleta mbwa, paka, na wanyama wa jamii ya kicheche waitwao stoat. Hawa wa mwisho waliletwa miaka ya 1880 ili wawinde sungura. Wakagundua kwamba kifaranga cha kiwi hakikimbii sana. Pasipo ulinzi, vifaranga wengi mno hufa kabla ya kukomaa. Mbwa huua wakubwa, na hata asipouma kwa nguvu: kiwi hana ule mfupa mnene wa kidari ambao ndege warukao hushikiza misuli ya mabawa, kwa hiyo kifua chake hupondeka upesi. Mwaka 1987 mbwa mmoja katika msitu wa Waitangi alikadiriwa kuua kiwi wapatao 500.

Kuna habari njema. Tangu 1994 mayai ya baadhi huchukuliwa porini, vifaranga hulelewa mpaka wafikie uzito wa zaidi ya kilo moja, wanapoweza kujitetea kwa mateke, kisha hurudishwa. Novemba 2022 kiwi walirejeshwa kwenye vilima vya pembeni ya Wellington, mji mkuu, baada ya kutokuwepo kwa zaidi ya karne nzima.

Je, ndege kiwi naye hupata kiwi?

Swali hili niliulizwa kwa utani, nikagundua lina jibu. Kiwi ni ndege wa usiku na macho yake ni madogo. Porini Okarito, huko Nyuzilandi, watafiti wamewakuta rowi vipofu kabisa, wanene, wenye afya, wanaishi kwa pua na masikio. Lakini mwaka 2023 picha zilisambaa za kiwi aliyetolewa mchana kwenye bustani moja ya wanyama ya Miami, Marekani, chini ya taa kali, wageni wakimpapasa kichwa. Nyuzilandi ilichafuka, bustani ikaomba radhi na kuufuta mchezo huo. Kiwi alitiwa kiwi, kwa Kiswahili fasaha.

Ndugu zake ni akina nani? Mbuni?

Mbuni ni wa ukoo wa mbali. Kwa muda mrefu watu walidhani ndugu wa karibu wa kiwi ni moa, ndege mkubwa wa huko huko Nyuzilandi aliyekwisha kutoweka. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 ukasema vingine: ndugu wa karibu ni ndege tembo wa Madagaska, ambaye naye ametoweka, jitu la mamia ya kilo lililotaga mayai makubwa kuliko ya ndege yeyote. Nduguye kiwi basi aliishi jirani yetu, ng'ambo ya Komoro.

Na kuna jambo la kufurahisha zaidi, ambalo halihusiani na vinasaba vya ndege hata kidogo. Lugha ya Kimaori na lugha ya Kimalagasi nazo ni za ukoo mmoja, ukoo wa mabaharia walioenea kutoka visiwa vya Asia. Mbili kwa Kimaori ni rua, kwa Kimalagasi ni roa. Jina na ndege wanakutana Madagaska kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kumwita mtu wa Nyuzilandi "Kiwi" ni matusi?

Hapana, wenyewe hujiita hivyo. Jina lilishika hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 askari wao waliokuwa Bulford, Uingereza, wakisubiri meli ya kurudi kwao, walichonga umbo la kiwi kwenye mteremko wa kilima cha chokaa, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, na mpaka leo liko. Hata ndege za jeshi lao la anga zina alama ya kiwi. Jeshi la anga, nembo ndege asiyeruka; nao hutania hilo kabla hujawatania. Kwa Kiswahili ninaandika Kiwi mmoja, Makiwi wawili, kwa herufi kubwa. Timu yao ya raga ya wachezaji 13 huitwa Kiwis. Wale wa jezi nyeusi wanaocheza haka, ngoma ya Kimaori, kwenye raga ya wachezaji 15 ni All Blacks, usiwachanganye.

Na kiwi ya masoko ya fedha?

Ni dola ya Nyuzilandi, iliyoanza kutumika Julai 1967 ikachukua nafasi ya pauni. Sarafu ya dola moja ina picha ya ndege huyo. Ukisikia "kiwi imeshuka", hakuna kilichoanguka kutoka mtini.

Tunda kiwi limetoka Nyuzilandi?

Limetoka China. Mwaka 1904 mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Wanganui, Nyuzilandi, Mary Isabel Fraser, alirudi nyumbani kutoka kumtembelea dada yake misheni ya Yichang, China, akiwa na mbegu. Miti ilizaa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Baadaye Hayward Wright wa Auckland akapata aina kubwa, tamu, inayohimili safari, na aina hiyo, Hayward, ndiyo ile ya kijani unayoiona madukani mpaka leo.

Jina lilikuja kwa sababu ya biashara. Kwa Kiingereza tunda liliitwa kwa jina lenye neno China. Mwaka 1959 kampuni ya Turners & Growers, iliyokuwa ikiliuza Marekani, ilitaka jina jipya. Walifikiria kwanza "melonette", lakini matikiti yalikuwa na ushuru mkubwa wakaliacha. Ndipo wakachukua ndege wao: mviringo, kahawia, mwenye manyoya. Kwa hiyo ndege alilipa tunda jina. Mnyuzilandi ukimwambia umekula kiwi atakukodolea macho, kwao tunda lazima liitwe kwa jina refu lenye neno tunda.

Kiwano je, ni kiwi aina nyingine?

Sivyo. Kiwano ni lile la njano lenye miiba, jamii ya tango, na asili yake ni Afrika. Jina hilo la sokoni lilibuniwa Nyuzilandi, likiazima sauti ya kiwi. Tunda letu limesafiri likarudi na jina la watu.

Kiwi huliwaje, na kwa nini juisi yangu ya kiwi na maziwa imekuwa chungu?

Kata katikati, chota kwa kijiko. Ganda linalika ukiliosha na kusugua manyoya. Ikiwa ngumu kama jiwe, ifunge kwenye mfuko pamoja na ndizi mbivu siku mbili tatu.

Huyo mama muuza juisi nilimjibu hivi: kiwi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Ukisaga na maziwa, protini za maziwa zinaanza kuvunjwa pale pale, na baada ya muda unaonja uchungu. Tengeneza na unywe hapo hapo, au tumia maji, au chungwa. Kwa sababu hiyo hiyo jeli haigandi ukiweka kiwi mbichi. Mpishi yeyote wa Pwani anaijua kanuni hii ingawa hakuifunzwa darasani: papai bichi kwenye nyama ya mishkaki hufanya kazi ile ile. Kiwi nayo inalainisha nyama, na ni kali. Nusu saa inatosha. Niliwahi kuiacha usiku kucha, asubuhi nyama ikawa kama uji, hata kijitini haikushika.

Kwa vitamini C ni tajiri: gramu 100 za kiwi ya kijani zina kama miligramu 90, na ya njano hupita hapo. Lakini mapera yetu huizidi, tena kwa bei ya mtaani. Mtu akila kiwi akawashwa mdomo au akavimba midomo, aache na amwone daktari, hasa kama ana mzio wa mpira wa glavu.

Naweza kuipanda shambani kwangu?

Pwani, usihangaike. Mmea huu unatambaa kama zabibu, unahitaji nguzo na nyaya, na aina za kijani hutaka majira ya baridi kali ili zichanue. Nyanda za juu zenye baridi zina nafasi kiasi, lakini kuna mtego mwingine. Kama mpapai, kuna dume na jike. Dume halizai, jike bila dume halizai. Mimi niliuziwa mche mmoja, mtandaoni, kwa bei ya mbuzi, muuzaji akiniapia kwamba "unajitegemea". Miaka minne nimemwagilia majani. Ukinunua, uliza jinsia, na ujue dume moja hutosha majike manane hivi.

Wingi wa kiwi ni viwi?

Wa kiwi cha macho, ndiyo, viwi, ingawa ni nadra mtu kuvihitaji vingi. Ndege: kiwi mmoja, kiwi watatu, basi. Tunda: kiwi hii, kiwi hizi. Nimesikia watoto wakisema "viwi viwili" kwa matunda, kama kitabu na vitabu, ambacho nacho kilikuwa kigeni kikapewa vi- na hakuna aliyelalamika. Sintawasahihisha. Kwenye mtihani lakini, andikeni "matunda mawili ya kiwi" mlale salama.

Kiwix ni nini? Nimeiona kwenye kompyuta ya shule.

Ni programu iliyoanzishwa mwaka 2007 inayokuwezesha kusoma Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila intaneti. Haina uhusiano na dawa ya viatu.

Nimeona kibao, "KIWI INAPATIKANA HAPA". Wanauza nini?

Chungulia nyuma ya muuzaji. Ukiona mizani, ni tunda. Ukiona brashi na kiti kimoja kifupi, vua kiatu.